Fundi Aliyekaa Nje ya Pazia

Kabla ya yote mnisamehe mwandiko. Umelala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo, na maneno mengine nimeyafuta na kuyaandika upya, hasa penye r na l, kwa kuwa mkono wangu unaandika kama ulimi wangu unavyosema. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimeandika majina ya maharusi kuliko kitu kingine chochote. Mwanangu wa kwanza alitaka mimi niseme, yeye aandike kwenye simu. Nikakataa. Mimi nikisema, yeye anakimbia, na mambo haya yaliniingia taratibu, basi na yatoke taratibu vilevile.

Kilichonishikisha kalamu ni hitma ya Fundi Hashimu. Ilisomwa Ruangwa, alikohamia baada ya mji ule kuanza kuchangamka. Nilitoka Nachingwea asubuhi kwa pikipiki, nikakuta wanaume wameshakaa kwenye majamvi mbele ya nyumba, nikazunguka uani kwa wanawake, nikapewa kisu na beseni la vitunguu kama mtu wa nyumbani. Mjane wake, Mama Rukia, alikuwa chumbani amekaa eda. Nilipoingia kumpa pole alinishika mkono muda mrefu. Wali ulipokwisha kupakuliwa, akatoka Rukia, binti yao, yule niliyemjua akiwa mtoto wa mgongoni na sasa ana watoto wake. Alikuwa na simu mkononi. Akasema, "Jamani mama zangu, samahani. Nani ana video ya baba? Picha ninazo, ile ya kitambulisho na ile ya Idi. Mimi namtaka anayetembea. Anayesema." Wanawake wakaanza kujibu kwa pamoja. Mmoja harusi yake ilipigwa video na Fundi. Mwingine ngoma ya mwanawe. Mwingine anayo sidii mpaka leo, ina mikwaruzo lakini inacheza. Rukia akasikiliza, kisha akauliza, "Na yeye mwenyewe je, mnamwona humo?" Mama mmoja mwenye mikono ya masizi akasema, "Yule bwana siku zote alikuwa nyuma ya kamera, mwanangu. Nani angempiga yeye?" Mwingine akanionyesha kwa mwiko: "Muulize Somoe. Ndiye alikuwa akikaa na kompyuta." Nyuso zote zikanigeukia, na ile aibu yangu ya zamani ikanipanda shingoni kama sijazaa wala sijazeeka. Nikasema nitafikiri. Nimefikiri, na hiki ndicho nilichokipata.

Ya wazazi wangu na ya kwetu nayaacha, hayana kitu kigeni. Mwaka ninaousema nilikuwa msichana mkubwa, nimeshachezwa unyago, sijaolewa, na nilikaa na shangazi yangu chumba kimoja tulichopanga katika ua wa Fundi Hashimu, pale Nachingwea, nyuma ya soko. Nilikuwa na aibu ya ajabu. Nikitumwa dukani nilionyesha kitu kwa kidole badala ya kukitaja. Watu wengine wa uani walidhani mimi ni bubu, na mpangaji mmoja aliwahi kunidai shikamoo kwa mikono. Kazi yangu ilikuwa kumsaidia Mama Rukia maji na jiko, na malipo yangu yalikuwa kula kwake. Alipika ugali wa muhogo na kisamvu chenye karanga, na siku kibuyu cha mafuta ya ufuta kilipofika kutoka shamba, nyumba nzima ilinukia mpaka majirani wakapata sababu ya kupita kusalimia. Nilikula kimya na kusikiliza, na niliyoyasikia katika mikeka ile ni mengi kuliko niliyofundishwa shuleni.

Chumba cha kazi kilikuwa cha mwisho kwenye safu, kimeachwa na dirisha dogo ili vumbi lisiingie. Vumbi likaingia. Kompyuta ilikaa juu ya meza ya mninga, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, imefunikwa kanga ya Mama Rukia, na kila asubuhi Fundi aliifunua polepole kama anamwamsha mgonjwa. Pembeni kulikuwa na kamera, waya mmoja mwembamba, deki ya kujaribia, na feni ambayo haikuwahi kumpulizia binadamu. Ilipuliza mashine tu. Mlango haukuwa na ubao. Palikuwa na pazia la kanga mbili zilizoshonwa pamoja. Fundi alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye kikohozi kidogo cha kujisafishia koo kabla ya kila sentensi. Alipiga harusi, maulidi, kipaimara, mahafali, na msimu wa mavuno ukiisha alipiga video za ngoma. Alikuwa na sheria moja tu kubwa: mpiga video asionekane wala asisikike. "Mpiga video ni chumvi," alisema. "Ukiiona chumvi kwenye chakula, ujue mpishi kaharibu." Kwa hiyo kila aliposema "bibi sogea kulia," au kivuli chake kilipoangukia zulia la bibi harusi, au kioo cha kabati kilipomwonyesha amesimama na kamera begani, kile kipande kilikatwa.

Kaseti iliyonibadilisha ililetwa na Bi Salima wa Nambilanje. Alikuwa kungwi, mwimbishaji wa ngoma aliyejulikana mpaka huku kwetu, mama mfupi mwenye sauti ya kujaza uwanja. Wakati ule wanawake wa kijijini kwao walitaka ngoma ya wali wao, mabinti wanaotoka unyagoni, ipigwe video kama harusi za mjini zinavyopigwa. Mambo ya ndani, yale wanayofundishwa wali, hayakupigwa hata kidogo. Kamera haikuvuka mlango ule. Lakini hata ngoma ya uani, ndani ya uzio wa majani, si ya macho ya mwanamume. Basi Fundi akamfundisha mkewe kushika kamera, Mama Rukia akaenda Nambilanje na mtoto mgongoni, akapiga, akarudi kachoka. Kaseti wakabaki nayo wanawake. Siku chache baadaye ndiyo Bi Salima akaja na wenzake wawili, wakaketi uani, wakanywa maji. Nilikuwa napepeta mchele, nikasikia yote.

"Haya Bi Salima, nipe hiyo kaseti niiingize," Fundi akasema.

Bi Salima akaisukuma ndani zaidi ya kanga yake. "Nikupe wewe? Humu kuna ngoma ya wanawake."

"Sasa nitaitengenezaje bila kuiona?"

"Mimi nitajuaje, fundi ni mimi? Mkeo kapiga bila wewe. Na wewe tengeneza bila wewe."

Wenzake wakacheka wakipigana mabega. Fundi akakohoa, akamtazama mkewe. Mama Rukia akasema, "Usinitazame mimi. Nina mtoto mgongoni na chungu jikoni, na hiyo mashine nikiitazama nasinzia." Kisha akaongeza, kama anayetaja mahali alipoweka ungo, "Somoe si yupo? Kachezwa."

Bi Salima akaniita. Akaniuliza somo wangu ni nani, nikamtaja. "Sijasikia." Nikamtaja tena. "Mwanangu, sauti umemwachia nani?" Wakacheka tena, lakini yeye alinitazama vizuri, akawaambia wenzake, "Huyu hasemi. Mtu asiyesema ndiye ninayemtaka." Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Na maisha yalivyo na utani, kazi yenyewe ikawa ya kusema kwa sauti kubwa.

Kwanza Fundi alinifundisha kwa kaseti ya harusi ya Mnero, ya kanisani, isiyo na siri. Akaunganisha kamera na kompyuta kwa ule waya mwembamba, akaniambia nibonyeze. Kamera ikaanza kujizungusha yenyewe mezani bila mkono wa mtu, na mle kwenye kioo cha kompyuta watu wa Mnero wakaanza kutoka kanisani. Nilirudi nyuma na stuli yangu. Nilishaona video kwa jirani, lakini ile ilikuwa video iliyokwisha kuiva. Hii ilikuwa inaingia mbele yangu, kama maji yanavyoingia mtungini. Na haikubali haraka. Kaseti ya saa nzima inaingia kwa saa nzima, na mtu lazima akae nayo, maana umeme ukikatika unaanza upya. Kwa hiyo nilikaa na harusi ya watu nisiowajua mwanzo mpaka mwisho, hata pale ambapo hakuna kinachotokea, pale ambapo bibi mmoja amekaa peke yake kwenye benchi anajipepea na kitambaa. Hakuna mtu duniani aliyekuwa akimtazama bibi yule isipokuwa mimi. Nilijisikia nimepewa kitu cha heshima.

Siku ya pili akanionyesha kukata. Palikuwa na alama ya wembe. Unaupeleka juu ya ule mkanda uliolala chini, unabonyeza, siku ya mtu inakuwa vipande viwili. Halafu akanionyesha kwenda nyuma. Mchele waliorushiwa maharusi ukanyanyuka kutoka chini, ukapaa, ukaingia kwenye viganja vya watu, na watu wakafumba mikono juu yake. Nikaweka mkono mdomoni. Fundi akacheka, akasema mimi ni wa kwanza kushangaa mahali panapostahili, wengine wote wanashangaa maua yanayozunguka majina. Akanionyesha tena kusogea picha moja moja. Sikujua kwamba kucheka kwa mtu kuna hatua nyingi namna ile, na kwamba katikati ya hatua hizo uso unapita mahali ambapo huwezi kusema anacheka au analia. Ukimaliza kupanga vipande, unaiamuru kompyuta ikae peke yake na kuviunga kuwa kitu kimoja. Fundi alikuwa na neno lake la Kizungu kwa jambo hilo. Mama Rukia akasema huko ni kupika tu, na sote tukafuata lake.

Ikafika siku ya kaseti ya Nambilanje. Bi Salima alikuja mwenyewe kulinda. Akatandika mkeka ndani ya chumba, mgongo kwenye ukuta, korosho za kubangua mapajani. Fundi akaweka stuli nje ya pazia, akakaa ametupa mgongo, uso kwenye jua na vyungu vya mkewe. Toka huko ndiko alikonifundishia. Kompyuta nzima alikuwa nayo kichwani. Mimi Kizungu sikijui, kwa hiyo alinielekeza kwa mahali: safu ya juu, neno la pili, lishuke, tafuta neno refu linaloanza na herufi kama sikio.

"Umeliona?" akauliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Somoe, pazia halioni. Sema."

"Nimeliona."

"Nani kasema? Panya?"

"Nimeliona!" Nadhani ilikuwa mara ya kwanza uani pale kusikika sauti yangu. Mpangaji wa shikamoo alitoa kichwa dirishani.

Nikabonyeza. Kamera ikazunguka. Na kitu cha kwanza kuonekana haikuwa ngoma wala Nambilanje. Alikuwa Fundi Hashimu. Amesimama uani hapo hapo, karibu na kamba ya nguo, kavaa msuli na fulana, uso umekaribia mno, anainama kutazama ndani ya kamera. Nyuma yake kuku. Sauti ya Mama Rukia inasema, "Hapa pekundu?" Naye anasema, "Hapo hapo. Bado hujabonyeza?" "Nitajuaje kama nimebonyeza?" "Kuna taa inawaka." "Inawaka." Hapo uso wake ukabadilika, akaelewa kwamba anapigwa. Akacheka kicheko cha mtu aliyekamatwa, akaweka kiganja mbele, akakiondoa, akasema, "Mama Rukia, nitoe mimi bwana. Mimi si wa kuonekana." Lakini hakuondoka. Alibaki amesimama kidogo, akajitengeneza kola ambayo fulana haina.

Nikasema kupitia pazia, "Fundi, nakuona."

"Mimi? Mimi niko huku nje."

"Upo na humu. Unacheka."

Bi Salima akatema ganda la korosho, akasogea kutazama. "Lo! Kweli ni yeye. Mwanamume huyu tumemfukuza mlangoni, katutangulia ndani!"

Ningependa mwelewe nilivyojisikia. Mbele yangu alikuwa Fundi anacheka, na nyuma ya kanga mbili alikuwa Fundi yule yule, nausikia mwili wake ukisogea kwenye stuli, na wote wawili walikuwa kweli. Nikamwambia aingie atazame, sehemu ile haikuwa na ngoma. Hata Bi Salima alisema aingie. Fundi akakataa. "Nikiinua pazia sasa, kesho mtasema Hashimu alichungulia. Hapana." Kisha akauliza kwa sauti ndogo ambayo hakuwa akiitumia kazini, "Nimekaaje?"

Nikatafuta neno. Msichana wa wakati ule hamwambii mume wa mtu neno kama lile, lakini mkewe alikuwa hapo hapo anachochea kuni, nami nilitaka kusema kweli. "Umependeza," nikasema.

Mama Rukia akasema, "Si nilikwambia?"

Fundi akakohoa. "Haya. Kipande hicho ukikate. Kazi inaanza kwenye ngoma."

Nikakikata. Hakuwahi kujiona.

Halafu uzio wa majani ukatokea, na mwangaza wa Nambilanje, na ndani yake Bi Salima. Siandiki walichocheza. Ninaloweza kusema ni kwamba nyimbo zilikuwa za Kimwera, mimi kwetu tunasema Kimakua, nikaelewa nusu tu na nusu hiyo ilitosha. Bi Salima wa mkekani akaacha kubangua. Akasogea kwa magoti mpaka uso wake ukawa karibu na kioo. "Huyu bibi mbona anafanana na marehemu mama?" akauliza. Nikamwambia huyo ni yeye. Akamtazama tena yule wa ndani, akiinua mkono na kuanzisha wimbo. "Kumbe ndivyo ninavyofanya," akasema. "Kumbe sauti inanitokea huku." Akajishika kifuani, mahali hasa, kama mtu aliyeonyeshwa chumba katika nyumba aliyokaa maisha yake yote.

Kazi haikumalizika upesi. Umeme wakati ule ulikuja na kuondoka upendavyo, na tumbo la kompyuta lilikuwa dogo, halishiki kazi mbili. Harusi zilizolipiwa mapema zikapikwa kwanza, nazo nikazikata mimi. Mabibo yakaanza kuiva, mji wote ukanuka tamu, na siku moja wale wenzake wawili wakaja bila Bi Salima, pamoja na binti yake, Zuhura, msichana wa rika langu. Bi Salima alikuwa ameumwa kichwa Ijumaa, Jumapili wakamzika. Wakakaa uani pale pale walipocheka. Mkubwa wao, ambaye ni mdogo wake marehemu, akasema, "Tumekuja kwa sababu ya ile video. Mtoeni dada. Aliyezikwa hachezeshwi. Watoto wa watu wataiweka kwenye deki na soda mkononi, naye yuko kaburini anaulizwa. Haifai." Mama Rukia akasema ni kweli, haifai. Zuhura alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu, na mimi ninaijua namna hiyo ya kutazama vidole. Ni ya mtu mwenye neno.

Nikaingia, Fundi akakaa nje na stuli yake, na kwa mara ya kwanza sikujua nifanye nini hata kwa kuelekezwa. "Fundi," nikasema, "yuko kila mahali. Nyimbo zote anaanzisha yeye. Nikimtoa kunabaki vigelegele na vumbi."

Nilisikia kuku na chungu. Kisha akasema, "Kata. Wenyewe wameomba. Lakini sikiliza, Somoe. Ukikata kwenye kompyuta, kaseti haijui. Unanielewa? Kaseti haijui kama umekata. Yeye yuko vilevile, anaimba vilevile, mwanzo mpaka mwisho. Sisi tunachowapa watu ni kipande. Kitu chenyewe kipo."

Nilimkata Bi Salima kutwa nzima, kwa wembe ule usiotoa damu. Nikaacha miguu ya wali, mikono inayopiga makofi, sauti za kuitikia wimbo ambao hakuna aliyeuanzisha. Wenzake walipokuja kutazama waliridhika, wakalia kidogo, wakaondoka kwenda sokoni. Zuhura akabaki. Akasimama mlangoni, pazia limemwangukia begani, akaniambia kwa sauti ndogo kama yangu, "Dada, mama yuko wapi?" Nikaichukua kaseti yenyewe, iliyokuwa ikitunzwa na Mama Rukia, nikaiweka kwenye kamera, nikamwonyesha mahali pa kukaa. Tulitazama pamoja. Mama yake alipoinua mkono, Zuhura aliinua wake, bila kujua. Aliitikia wimbo. Mimi niliyeelewa nusu nikaitikia nusu. Uani nje Mama Rukia aliacha kutwanga, na Fundi, aliyekuwa akipita, nilimwona kwa chini ya pazia miguu yake ikisimama, ikageuka, ikaenda mbali ili asisikie.

Kaseti ile Zuhura aliondoka nayo. Ndiyo peke yake katika mwaka ule iliyorudi kwa wenyewe, kwa kuwa haikufaa kulala katika chumba cha kazi cha mwanamume. Nyingine zote Fundi alizirudia, harusi juu ya harusi, maana kaseti zilitoka Dar es Salaam na hazikupatikana kirahisi. Na mvua za kwanza zilipokuja, radi ilishuka kwenye nguzo ya umeme nyuma ya soko, kompyuta ikatoa harufu ya ubani mbaya na kufa na kila kilichokuwa tumboni mwake. Baadaye Fundi alinunua nyingine, mimi nikaolewa, nikafungua kibanda changu cha kusafisha picha na kuwawekea watu video kwenye simu. Lakini yote niliyoyashangaa, niliyashangaa mwaka ule.

Sasa narudi Ruangwa, kwenye beseni la vitunguu. Rukia aliposema anamtaka baba anayetembea, kitu cha kwanza kilichonijia ni kwamba mimi ndiye niliyemtoa. Mwaka mzima, sauti yake kila ilipoponyoka, kivuli chake, kioo cha kabati. Sikukosea, ndiyo ilikuwa kazi, na alinisifu kwa kuifanya vizuri. Niliendelea kufikiri hivyo njia nzima ya kurudi Nachingwea, mgongoni mwa pikipiki, mpaka maneno yake yakanirudia na kile kikohozi mbele yake: kaseti haijui kama umekata. Nikamwambia kijana wa pikipiki asimame. Nikashuka, nikasimama pembeni ya barabara kati ya mikorosho, kijana akidhani naumwa, kumbe nawaza mwanzo wa ile kaseti ya Zuhura.

Wiki iliyofuata tulikwenda Nambilanje, mimi na Rukia. Mama yake hawezi kutoka mpaka eda iishe, lakini alitupa kilo ya sukari na salamu. Zuhura sasa ndiye mwimbishaji, kifua kile kile. Tulipomweleza aliingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga. Ndani palikuwa na mchele mkavu wa kunyonya unyevu, na ndani ya mchele kipande cha kanga ya mama yake, na ndani ya kanga kaseti, ndogo kama kiberiti kikubwa. Aliitunza miaka yote hii bila kuwa na chombo cha kuichezea. Rukia akaomba kuishika. Akaigeuza, akaitikisa kidogo, kisha akaiweka sikioni, akafumba macho. Hakuna aliyemcheka.

Zuhura alitoa kwa sharti lile lile la mama yake: isionwe na mwanamume, na aichezaye awe mwanamke aliyechezwa. Rukia kachezwa. Mimi nipo. Kaseti iko mezani kwangu ninapoandika, ndani ya kopo lake. Kilichokosekana ni kamera. Ya Fundi ilikufa siku nyingi, nimeuliza Nachingwea na Ruangwa, nimeuliza Masasi, vijana wa studio wananitazama kama naulizia santuri. Kwa hiyo naomba. Wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu, juu ya kabati au chini ya kitanda, kuna kamera ya kaseti ndogo ambayo bado inazunguka, niandikie. Hata kama hujui inazunguka, niandikie. Sitaki kuinunua wala kuibeba mbali. Nataka kukaa nayo muda mfupi tu, ule mwanzo, kabla ya uzio wa majani kutokea. Nitaweka pazia. Rukia atakaa kwenye stuli yangu, na mama yake, eda ikiisha, atakaa mkekani. Najua atakachosema Fundi akitokea, nitoe mimi bwana, mimi si wa kuonekana. Safari hii sitakata. Andikeni hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Ninasoma polepole, lakini nasoma mpaka mwisho.